Reli ya Mezani kwa Theoneste

Karagwe nzima haina hata hatua moja ya reli, lakini mzee wa reli inaye. Ni Theoneste wa Ihanda, mume wa Prudensia, aliyemalizia ujana wake akikagua njia ya treni huko Tabora. Alirudi na koti la kazi, kikohozi, na macho yanayopima kila kitu. Hata mgomba anautazama kama umenyooka. Prudensia, mzaliwa wa Nyakasimbi, mwanamke asiyechelewa shambani wala kwenye maneno, humwambia kuwa watu hawali unyoofu, wanakula ndizi.

Uzeeni mzee akapata vita. Vita vya mezani. Mtoto wao Edgar, kabla hajaingia jeshini, aliuleta mchezo huo kutoka chuoni: askari wadogo juu ya meza, kila upande unasogeza watu wake kwa rula, na dadu ndiyo inayoamua nani kaanguka. Theoneste akawachonga kwa mti wa kahawa, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole gumba, kila mmoja na kitako chake cha kusimamia. Kapteni akampa sura ya Edgar, hadi lile sikio lililojikunja.

Edgar alipopelekwa ng'ambo kulinda amani, mchezo haukufa. Alituma zamu yake kwa simu, baba akamsogezea askari wake. Prudensia hakujua nani anashinda wala hakujali. Alijua jambo moja: zamu ikija, mtoto yu hai.

Zamu zikaacha kuja. Kahawa ilikuwa bado kijani mtini. Ikaiva, ikachumwa, ikaanikwa, simu kimya. Theoneste akamng'oa kapteni kwenye kitako, akamtia mfukoni mwa shati.

"Hasogezwi na mtu mpaka mwenyewe aseme."

Halafu, badala ya kulia kama wenzake, akasema meza inataka reli.

Aliyeileta ni Hatibu, mwenye duka kule Murongo mpakani, ambaye vitu vya Kampala humpitia mikononi. Alikuja na boksi la reli za kuchezea za aina mbili, pana na nyembamba.

"Chukua pana, mzee. Ndiyo ya kiume. Hii nyingine ni ya kupitisha sisimizi."

"Wewe reli umeionea wapi?"

"Aka! Mimi damu yangu ya Tanga."

"Damu ya Tanga, miguu ya Murongo. Nyamaza nipime."

Prudensia alikuwa mlangoni akigeuza kahawa kwenye mkeka, sikio moja likiwa ndani. Alimwona mumewe akitafuta askari wa kupimia nafasi kati ya vyuma. Wote walikuwa na vitako, hawalaliki. Mkono ukaenda mfukoni.

Akamlaza kapteni kwenye reli pana. Kijitu kikazama katikati kizima kizima.

"Umeona? Hii ni ya kubebea tembo." Akamhamishia kwenye nyembamba. Reli moja ikapita shingoni, ya pili chini ya magoti. "Ndiyo hii. Mtu akilala kwenye reli yetu anakaa hivi hivi. Nilimkuta mmoja, asubuhi, nje kidogo ya Tabora..."

Hakumaliza. Prudensia alikuwa ameshaingia, kahawa inatiririka kutoka viganjani. Huku kwao mtu aliyelala hapimwi. Anayepimwa amelala ni maiti, mpimaji ni mchimba kaburi, na kijiti cha kipimo hakirudi nyumbani.

"Mawe, mama yangu! Theoneste, umemlaza nani hapo?"

Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina tangu Edgar azaliwe. Hatibu akaanza kutafuta viatu vyake.

"Ni mti tu, Mama Edgar."

"Mti una sikio la mwanangu?"

"Nilikuwa napima reli."

"Ungejipima wewe, uliyekwisha chakaa!"

Mzee akataka kumwinua kapteni. Kapteni akamponyoka, akaangukia pale pale: shingo huku, magoti kule. Prudensia akamnyakua, akamfunga kwenye pindo la kanga.

Simu ililia jioni hiyo hiyo, wakati wanaanua kahawa. Namba ngeni, sauti ya Edgar kwenye spika, nyembamba kama imepita kwenye bomba.

"Shikamoo mama. Usipige kelele kwanza. Niko hospitali. Mimi mzima."

"Mzima wote?"



"Mguu umekatwa, mama. Chini ya goti."

Prudensia hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, naye mumewe alikuwa akitazama meza kupitia mlangoni.

"Na shingo?"

"Shingo ina nini, mama?"

"Nijibu!"

"Haina kitu. Ila homa haijashuka, na kwenye barabara ya kuturudishia bado wanapigana. Ombeni tu, waitu, nawasihi."

Theoneste akazoa reli akazitupe chooni. Prudensia akamshika mkono.

"Ziache. Hujui utang'oa nini pamoja nazo."

Akafungua pindo, akamrudisha kapteni kwenye kitako chake. Tundu lilikuwa limelegea. Kapteni akasimama ameegemea upande, kama anayesikiliza kitu kinakuja. Prudensia akavuta kigoda, akakaa kumlinda, vidole viwili vikimshikilia mabegani. Kahawa iliyobaki nje ikaanza kunyeshewa, asiinuke. Reli ni mbili, na iliyokwishachukua chake ni moja, ile ya magotini.