Kutembea kwenye Mizabibu Bila Kumtembelea Mtu

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye zabibu za Dodoma, mtu hakutembea hivihivi. Ukionekana njiani mikono mitupu, mama wa nyumba yoyote angekusimamisha akuulize unakwenda wapi, na kabla hujajibu ameshakutwika kitu. Ndoo, kuni, debe la mbolea, chochote kilichokuwa karibu. "Miguu hiyo inakwenda bure?" Mama yangu aliwaambia hivyo hata watoto wa wenzake. Ndiyo maana Lameck alipotuma picha zake kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la watu wa Dodoma tulioko Toronto na vitongoji vyake, mimi sikuelewa, na mpaka leo wananicheka.

Lameck ni wa kijijini kwetu, tulianza darasa la kwanza pamoja. Siku hizi anakaa Markham, kazi yake ni ya kompyuta. Aliandika: "Mimi na mama watoto tumekuja kutembea Ufaransa." Kwenye picha wamevaa kofia, kila mmoja ana fimbo mbili za chuma mkononi, nyuma yao mizabibu imepanda mlima kwa mistari. Sasa, kwetu sisi, mtu akisema amekwenda kutembea, basi amekwenda kumwona mtu. Nikamtumia ujumbe wa sauti, kwa heshima zote.

"Hongera, ndugu yangu. Mmefikia kwa nani?"

"Hatujafikia kwa mtu. Tunalala hotelini, asubuhi tunatembea mpaka kijiji kinachofuata."

"Huko kijiji kinachofuata kuna nini? Kuna msiba?"

Kundi zima likaangua kicheko. Mama Happy wa St. James Town, ambaye hakosi neno, akaandika: "Pole, Mzee wa Theluji! Nyumba umeijenga Richmond Hill, lakini akili umeiacha kijijini kwenye toroli."

Wananiita hivyo kwa sababu ya kampuni yangu ya kuondoa theluji, ambayo niliianza peke yangu na koleo moja, bila cheti chochote zaidi ya cha darasa la saba. Leo nina magari, nina vijana wanaoniita bosi, na sebule ya Lameck ingeingia yote kwenye gereji yangu na nafasi ikabaki. Sijisifu, nasema kilichopo. Lakini ile picha ya mizabibu ilinichoma. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, mpaka watu wa nyuma wakanipigia honi. Kwa nini yeye?

Maana kama kuna mtu aliyestahili kupigwa picha kwenye mizabibu, ni mimi. Nakumbuka shamba letu lilikuwa ng'ambo ya korongo, na njia ya kwenda huko ilikatiza mashamba ya watu, nguzo na nyaya kushoto na kulia, nyembamba kiasi kwamba wakikutana wawili mmoja lazima asogee. Na huwezi kumpisha mtu bila kumsalimia. "Mbukwenyi!" huyu, "Mbukwenyi!" yule, mpaka unafika shambani koo limekauka kwa salamu. Alfajiri kabla ya shule tulikwenda kufukuza ndege. Tulipiga madebe na kuwatukana kwa matusi ambayo nyumbani yangetukosesha chakula, lakini matusi kwa ndege hayakuhesabiwa. Umande ulikuwa baridi miguuni, na zabibu zilizoanza kuiva zilikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena, si kwenye supamaketi, si kwenye chupa.

Baba alipopuliza dawa ya mrututu, majani yalibaki na madoa ya bluu, na vidole vyetu pia. Mwalimu akikagua kucha alijua mara moja nani ni mtoto wa zabibu. Wakati wa mavuno tulibeba kreti vichwani hadi barabarani lilikosimama lori, maji matamu yakitutiririka shingoni, nyuki wakitufuata kama wachumba. Kula njiani ilikuwa marufuku. Tukifika, baba alitupanga mstari: "Toeni ndimi!" Na ulimi wa zambarau hauna wakili. Lakini hata aliyechapwa, jioni alikula ugali wa uwele na mlenda kwenye sahani moja na wenzake, akalala usingizi ambao watoto wa siku hizi wanautafuta kwa vidonge. Hawa wa kwetu hapa wanaendesha gari kwenda jim, wakatembee juu ya mashine isiyokwenda popote, halafu wanarudi na gari wamechoka.

Na Lameck je? Baba yake alikuwa karani wa ushirika, hakuwa na mzabibu hata mmoja. Alikuwa na baiskeli. Lameck alipelekwa shule amekaa kwenye keria, soksi nyeupe pee, sisi tukisogea pembeni kula vumbi. "Kwaherini, watembea kwa miguu!" alitupigia kelele kila siku ya Mungu. Ile baiskeli niliionea wivu mpaka nikawa naiota. Utoto wangu wote nilimwonea wivu kwa sababu hatembei. Sasa nimefika umri huu, nina magari ya kila namna, namwonea wivu kwa sababu anatembea. Hebu niambieni kama hiyo ni haki.

Waliporudi wakatualika Markham, Jumapili baada ya ibada. Nikaenda na familia, na suti. Lameck akaweka picha kwenye televisheni. Binti yangu Neema amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila anajibu kwa Kiingereza, na nyumbani nikianza habari za Dodoma huwa anakumbuka ana kazi ya chuo. Siku hiyo alikaa chini kwenye zulia, mbele kabisa, shingo juu.

"Anko Lameck, njia mnaijuaje?"

Lameck akaeleza kwamba mawe na miti imepakwa rangi, mistari miwili, unaifuata tu. Inapita katikati ya mashamba ya watu na mwenye shamba hakufukuzi. Njia ni za tangu mababu, na hakuna anayethubutu kuziba.

"Sisi zetu hazikuwa na rangi," nikasema, "na hakuna aliyepotea."

Neema akageuka. "Baba, wewe uliwahi kutembea kwenye zabibu?"

Jamani! Mtoto niliyemsimulia tangu yuko kwenye kiti cha nyuma cha gari! Kumbe miaka yote nilikuwa nikimwambia "shamba", na kichwani mwake shamba ni mahindi na jembe na shida. Na nilipotaja zabibu alidhani ni zile kavu, za kwenye keki. Alidhani babu yake alikuwa akilima vitu vya kuweka kwenye keki. Watu walicheka hadi Mama Happy akamwaga chai.

Lameck hakucheka. "Neema, mwenye mizabibu ni baba yako. Mimi niliiona kutoka kwenye baiskeli." Akasema hivyo mbele ya wote, na uungwana wake ukaniuma kuliko picha zote.

Basi Neema akasogea hadi kwenye goti langu. Akajaribu Kiswahili, pole pole. "Twende huko kwako, Baba. Tukatembee. Achana na Ufaransa."

Neno nililolingojea tangu azaliwe. Na mimi nikamwambia tutaongea kwenye gari.

Kwa sababu nilishakwenda, nilipomzika mama. Mji umekua, mashamba yamepimwa viwanja, mizabibu imeng'olewa, na shamba letu likiwamo. Nilivuka korongo nikaitafuta njia yetu, ikanifikisha kwenye ukuta mrefu na geti jeusi. Mlinzi akatoka. "Shikamoo, mzee. Unamtembelea nani?" Nikamwambia simtembelei mtu, natembea tu. Akanitazama kwa huruma, kijana wa watu, akaniomba nirudi nilikotoka.

Yote hayo nilimweleza Neema kwenye gari tukirudi, na safari hiyo hakukumbuka kazi ya chuo. Alilia kidogo. Lakini kijana ni kijana: kiangazi kijacho anakwenda Ufaransa na akina Lameck, wamemwalika na nimekubali. Nimemnunulia viatu vya kupandia mlima, na bei yake iko juu kuliko ya vile vya Lameck, nimehakikisha.

Enzi zetu njia ilikuwa ya kila mtu na hakuna aliyeipenda. Tuliilaani kwa miiba yake na kwa mizigo yetu. Leo nawaonea wivu watu wa huko Ufaransa nisiowajua, ambao bado wanaweza kumshika mtoto mkono wakamwambia babu yako alipita hapa. Wangu atakanyaga njia ya babu wa mtu mwingine. Kisha atarudi kunisimulia mimi jinsi zabibu zinavyonukia asubuhi, nami nitamsikiliza mpaka amalize.