Posa Isiyochorwa

Dada yangu alilia kwa furaha alipomaliza kusoma sura ya mwisho, nami nikakasirika. Sikuyakasirikia machozi yenyewe. Nyumba yetu, iliyo katika kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu, imezoea machozi ya kila aina. Nilikasirika kwa kuwa yalitolewa bure, kwa ajili ya mwandishi ambaye hakuyafanyia kazi.

Hadithi ilikuwa ya Kijapani, ya picha, katika zile ziitwazo manga. Tuliifuata kwenye simu tangu dada yangu alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi karibu na Buxton, nami ningali shule ya upili. Ilimhusu msichana muuza mikate na kijana mtengeneza miavuli. Kijana huyo hakuwa na la kusema, na mchoraji alilifanya hilo kuwa pambo lake kuu. Aligeuza uso, upepo ukampita nyweleni, na kile kiputo kinachochorwa juu ya kichwa ili kubeba maneno, kwake kilibeba nukta tu. Juzuu nzima ilitumika kumwonyesha akimkabidhi msichana kikombe cha chai pasipo vidole vyao kugusana. Juzuu iliyofuata ilijadili kwa nini havikugusana.

Baada ya subira yote hiyo, mwisho ulikuja hivi. Katika ukurasa mmoja, kituo cha gari la moshi, mvua, na kijana anasema, "Nakupenda." Katika ukurasa wa pili, weupe mtupu na maneno "miaka kadhaa baadaye". Katika ukurasa wa tatu, duka la mikate na mtoto mwenye nywele za baba yake. Basi. Palikuwa pia na mwanamume mwingine, daktari wa mifugo, aliyempenda msichana kwa maneno ya wazi karibu tangu mwanzo. Huyo aliagwa kwa kisanduku kimoja cha picha, akipunga mkono na kutabasamu kama mtu aliyefurahia kung'olewa jino.

Nilisomea fasihi chuoni, na bado naamini, bila kuona haya, kwamba mwisho wa hadithi ni amana. Mtu aliyekushika mkono miaka mingi hana ruhusa ya kukuachilia mlangoni, kisha akakwambia yaliyomo ndani uyabuni mwenyewe. Niliyaandika hayo katika kundi la wasomaji wenzetu mtandaoni, kwa aya zilizopangika na hoja zilizofuatana. Nilijibiwa kwa nyuso za manjano zinazobubujikwa na machozi. Msomaji mmoja aliniuliza kama nimewahi kupendwa.

Ningaliwaachia wenyewe furaha yao, lau dada yangu asingekuwa na mtengeneza miavuli wake.

Wake alikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo huko Kilindini. Walijuana chuoni, na tangu walipohitimu, kijana alikuwa "akijipanga". Sijapata kumwona mtu aliyejipanga muda mrefu hivyo pasi na kupangika. Alipita kichochoroni kwetu siku za sikukuu, akatoa salamu huku akiitazama ardhi, akaenda zake. Asubuhi alimtumia dada yangu picha za winchi za bandarini jua likichomoza nyuma yake, bila neno lolote, naye dada akazihifadhi kana kwamba ni barua. Ukimya huo aliuita heshima. Nilipomwambia kwamba hata bawabu wa lango la bandari hutoa maelezo zaidi, hakunisemesha siku nzima.

Wiki ile ile iliyotoka sura ya mwisho, shangazi yetu, dada wa Baba, alileta posa. Mwenye kuposa alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa mtaa wa Kuze, ambaye hatukumjua kwa zuri wala kwa baya ila kwamba hutoka kazini akaenda nyumbani. Mama yake alikuja na wazee wa kike, wakazungumza mambo yote isipokuwa jambo lenyewe, kisha wakalitaja jambo lenyewe walipokuwa wakivaa viatu, kama inavyopasa. Jibu walilitaka Ijumaa.

Siku hiyo, baada ya swala ya alasiri, Baba angemwuliza dada yangu. Na kwa desturi yetu, na kwa fikihi tuliyosomeshwa madrasa, mwari akiulizwa akanyamaza, amekubali. Haya humziba kinywa, na kuziba huko huhesabiwa idhini. Dada yangu alikuwa amenyamaza tangu Jumatatu.

Nilimwuliza anakusudia nini.

"Namngoja," akasema.

"Anajua kwamba umeposwa?"

"Atajua. Watu kama yeye hujua."

"Kwa njia gani? Kwa upepo wa nyweleni?"

Aligeuka akanitazama kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. "Wewe wasema mwisho ule ni wa pupa. Mimi naona alifika. Alichelewa, lakini alifika, na alipofika alisema. Hilo ndilo usilolipenda."

Hapo nikafahamu kwamba hatukuwa tukibishana juu ya fasihi tena. Ikiwa mwisho ule ulikuwa wa haki, basi kungoja kulikuwa na thawabu, na dada yangu angengoja hata mbele ya Baba, kimya vilevile, mpaka ajikute ameolewa Kuze kwa kutosema neno. Kurasa tatu za mchoraji mvivu zilikuwa zinataka kumwoza dada yangu, tena kwa mtu asiye yule aliyemngoja.

Siku ya Ijumaa shangazi alifika mapema, kabla chakula cha mchana hakijaondolewa, aje akae na mwari. Aliketi juu ya mkeka na kofia aliyokuwa akiidarizi, akavaa miwani, akatukuta tumeinamia simu moja tukinong'onezana kwa hasira.

"Ni nini hiyo mnayogombania?"

"Manga, shangazi," nikasema.

"Ya Wamanga? Ya Maskati?"

"Ya Wajapani. Ni hadithi ya mapenzi. Namwambia mwisho wake haufai."

"Nisomee, basi. Mimi ndiye mjuzi wa mambo yasiyofaa."

Nikamsomea juzuu ya mwisho, nikitafsiri kutoka Kiingereza. Alipoona kwamba picha zinafuatwa kutoka kulia kwenda kushoto, uso ulimnyooka. "Alhamdulillahi. Hawa wanajua pa kuanzia."

Tukaendelea. Ilipofika zamu ya mtengeneza miavuli, sikuwa na cha kutafsiri.

"Hapa amenyamaza," nikasema.

"Haya."

"Na hapa amenyamaza."

"Tena? Jino lamuuma?"

"Anafikiri, shangazi," dada yangu akadakia. "Zile nukta maana yake anafikiri."

"Hata mbuzi huzitoa nukta, mwanangu. Endelea."

Tukafika kituoni, mvuani. Nikasema, "Sasa amemwambia kwamba anampenda."

"Mbele ya nani?"

"Wako peke yao."

"Haya. Yaendelee."

Nikafunua ukurasa mweupe, kisha ule wa mtoto. Shangazi alichoma sindano katika kitambaa ili isipotee, akaichukua simu, akairudisha picha nyuma kwa kidole, akaipeleka mbele, akairudisha tena.

"Mtoto huyu wa nani?"

"Wao," dada akasema, kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa na jamaa yake mbele ya wageni.

"Na posa ilipelekwa na nani?"

"Haikuchorwa," nikasema.

"Mahari?"

"Haikuchorwa."

"Baba wa msichana je, yu hai?"

"Yu hai. Alikuwa katika juzuu za mwanzo. Ndiye mwenye duka."

"Basi wamempitia juu ya kichwa kama paa la kibanda."

"Shangazi, mambo hayo yanaeleweka tu," dada akasema. "Haina haja kuyachora."

"Mimi nayaelewa, ndiyo maana nayaulizia. Mtu akinivusha penye kazi akanitua penye mtoto, najua kuna kazi asiyoiweza."

Sikuafikiana naye kwa yote. Shangazi alitaka wazee na mahari. Mimi nisingejali hata kama wangefunga ndoa juu ya bati la gari la moshi, ilimradi tungeonyeshwa ni saa gani, na kwa kuchomwa na nini, mtu aliyenyamaza juzuu zote zile aliamua kufumbua kinywa. Uamuzi huo ndio hadithi. Waliutupa wakatuachia mvua. Nilimweleza hayo kwa urefu, pengine kwa urefu kupita kiasi, kwa maana alinikata kauli akisema kwamba nikiendelea hivi mimi nitaposwa na kabati la vitabu.

Dada yangu hakucheka. Alisema taratibu, akiutazama mkeka, "Nyinyi wawili mwakidharau kimya. Na mimi leo nikinyamaza mbele ya Baba mtasema nimejibu. Vipi changu kiwe jibu, na cha mwenzangu kisiwe?"

Lilikuwa swali zuri, tena la haki. Shangazi alinirudishia simu, akachomoa sindano yake akarudi kwenye kofia.

"Chako ni jibu kwa sababu waulizwa. Baba yako atapanda ngazi, ataliweka neno mbele yako, ndipo unyamaze. Huyu wa mvua nani aliyemwuliza? Mtu hajaulizwa, amenyamaza. Hilo ni jibu la nini?"

Aliyasema akiwa amekodolea macho tundu la uzi, na sidhani alijua amesema juu ya nani. Karani wa Kilindini hakuwa akitajwa mbele ya shangazi. Lakini dada yangu aliniomba simu yake. Kwa miaka yote ile alikuwa amemsoma kijana yule, hakuwa amemwuliza.

Aliandika bila kufuta hata herufi. Nilimwona juu ya bega lake: "Nimeposwa. Baba ataniuliza leo baada ya alasiri. Wazee wako wanakuja, au hawaji?"

Alama ya kwamba ujumbe umesomwa ilitokea mara moja. Kisha juu ya kioo likaja neno kwamba mwenzake anaandika.

"Yuwafanyani huyo mnayemtazama?" shangazi akauliza. Sasa alikuwa amefahamu.

"Anaandika," nikasema.

"Na sasa?"

"Ameacha."

"Na sasa?"

"Anaandika tena. Huenda ni juzuu."

Dada yangu aliinua kiganja kuninyamazisha. Ujumbe ukaingia, naye akausoma kwa sauti, bila kuutia chumvi wala kuupunguzia: "Kheri inshallah. Leo kumebana sana huku, meli imefunga gati na makontena hayajatoka. Tukijaaliwa tutaongea. Nisalimie nyumbani."

Nilikuwa nimeweka akiba ya kejeli kwa ajili ya mtu yule tangu nilipokuwa msichana wa shule. Zote zilishindwa na hiyo "nisalimie nyumbani".

"Waalaikumu salaam," shangazi akasema, akakata uzi kwa meno.

Swala ilikuwa imekwisha. Tulisikia kikohozi cha Baba ngazini, kile anachokitanguliza daima ili wanawake wajiweke sawa. Alisimama mlangoni bila kuingia, kofia mkononi, akaitazama fremu ya dirisha badala ya kumtazama mtoto wake. Hiyo ndiyo huruma yake.

"Mwanangu, umelisikia lililoletwa. Wasemaje?"

Dada yangu alinyamaza. Simu ilikuwa ingali kiganjani mwake. Kwa mtu mwingine yeyote huo ungekuwa ukimya wa huzuni; kwa Baba ulikuwa ukimya wa mwari. Alingoja kadiri ya adabu, akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, na midomo yake ikaanza kumshukuru Mungu.

"Sijakubali, Baba."

Neno moja na jina la Baba. Nimewahi kudai mbele ya watu kwamba mwisho huhitaji kurasa. Huu haukuchukua hata mstari, wala sikuuona wa pupa. Miaka iliyoubeba niliishuhudia yote, na saa aliyoamua niliiona kwa macho.

Baba aliivaa kofia yake, akaivua. "Kuna mwingine?"

"Hakuna. Leo ndiyo nimejua."

"Kijana ana kasoro iliyokufikia?"

"Sina baya lake hata moja. Lakini nikisema ndiyo leo, nitakuwa namjibu mtu mwingine."

Baba alifikiri. Sijui ni kiasi gani alichokielewa, na hakutaka kuelezwa. Alisema, "Haya. Kheri," akashuka ngazi polepole kuliko alivyopanda.

Shangazi ndiye aliyebaki na mzigo, kwa kuwa mleta posa ndiye mrudisha jibu. Alikunja kofia yake kwa hasira ya haki, akaanza kutafuta buibui.

"Nitawaambia mwari bado yuasoma."

"Nilimaliza kusoma zamani, shangazi. Wanajua."

"Basi nitawaambia tunamwomba Mungu, tutawajulisha. Hivyo ndivyo watu hukataa. Siku zikipita hufahamu wenyewe."

"Usiwaambie watajulishwa," dada yangu akasema. "Watangoja."

"Wangoje kidogo, wafe? Neno hutokwa taratibu, halichomi."

"Lachoma. Mwambie mama yake kwamba nimekataa, na kwamba mwanawe hana kosa. Na uende sasa hivi."

"Sasa hivi ni ufidhuli. Nitauweka wapi uso wangu Kuze?"

"Nitakusindikiza mpaka kona ya mtaa wao. Wakiuona uso wako ni mbaya, nionyeshe mimi."

Shangazi aliniangalia apate msaada. Sikumpa. Alisema kwamba nyumba hii imesomesha wasichana mpaka ikawakosa, akaufunga mtandio wake kwa nguvu. Dada yangu aliiacha simu juu ya mkeka, akavaa buibui, akamshika mkono shangazi, ambaye magoti yake huziogopa ngazi zetu, nao wakateremka pamoja kwenda kumpa mama wa watu jibu lake kwa maneno.