Kisigino Kilichogoma Kugusa Sakafu

Asubuhi moja ya Buluk, mtaa wa Juba nilikopanga nyumba, haijanitoka akilini, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa ujasiri tu, maana mimi mwenyewe sijafika miaka thelathini, na mvi zangu chache ni za wasiwasi. Lakini aliyetangulia kujikwaa anaweza kumwonyesha mwenzake jiwe.

Nilikuwa nimetoka Kitale kuja kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Thongpiny, mtaa mwingine wa Juba. Kusimama kutwa kuliniumiza kiuno, nikajifundisha kwa video za mwanamke mmoja kwenye simu yale mazoezi ya yoga yanayoitwa salamu kwa jua. (Usinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa kanisa, na jua la Juba halingoji salamu yangu ndipo lichome.) Unainua mikono, unainama, unarudisha miguu nyuma, unashuka, unainua kifua, kisha unasukuma makalio juu hadi mwili unakuwa kama paa la nyumba, viganja na nyayo vikiwa chini. Hapo kwenye paa ndipo nilipojitafutia ugonjwa.

Nilifanyia mazoezi kwenye veranda ya nyumba niliyopanga, simu ikinirekodi kutoka dirishani. Kisigino cha kulia kiligusa sakafu. Cha kushoto kilining'inia. Kwenye video, nyonga ya kushoto ilikuwa chini kuliko ya kulia. Mtu mwingine angecheka akaenda kunywa chai. Mimi nilimwona mama yangu. Mgongo wake ulianza kupinda akiwa msichana, na leo anatembea ameegemea upande kama mtu anayetega sikio mlangoni. Tuliambiwa zamani kwamba jambo hilo huweza kufuata ukoo. Basi nikajua: zamu yangu imefika.

Sikumwuliza mtu. Niliamua kujinyoosha kwa nguvu. Kila asubuhi nilikaza goti la kushoto na kukandamiza kile kisigino chini huku nikihesabu pumzi kwa hasira. Sikujua ninachokijua leo, kwamba msuli wa nyuma ya paja umeshikizwa juu kwenye mfupa wa kukalia, na chini unavuka goti. Ukiinama kutoka nyongani huku goti limekazwa, unauvuta ncha zote mbili kwa pamoja, na kinachoumia kwanza ni pale uliposhikizwa. Maumivu yakaanza kama kaa la moto chini ya kalio. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliyaficha, nikawa nawapokea wageni kwa tabasamu nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Mama Ayikoru, mwenye nyumba wangu, mama wa makamo kutoka Arua kule Uganda, alinikuta verandani nikilia mbele ya simu.

"Wewe mtoto, nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni mgongo wangu. Nadhani unapinda kama wa mama yangu."

Nikamwonyesha video. Akaitazama, akaniambia niirudie, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na hii mwanamke ya simu, ile unafuata, yeye pia iko kwa veranda yangu?"

"Hapana, Mama."

Akachukua ndoo ya maji ya kufulia, akayamwaga pale nilipokuwa nikiinama. Maji hayakutulia hata kidogo. Yalikimbilia kushoto yote, yakaangukia uani.

"Fundi mimi nilimwambia alaze hii sakafu, mvua isiingie kwa nyumba. Wewe iko sawa. Veranda ndio imelala."

Nilitaka kucheka naye, lakini yeye alikuwa ameshaacha.

"Sasa sikia. Unaumia siku mingi, mimi iko mlango ya pili, na mdomo yako imefunga. Mama yako alikutuma Juba ufe kimya? Kesho kliniki. Kalas, imeisha!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa nusu ya safari. Nilikwenda. Mtaalamu wa viungo aliniinamisha kwenye sakafu ya usawa, mikono ikining'inia, akatazama kutoka nyuma kama mbavu za upande mmoja zimeinuka, maana mgongo uliopinda huziinua.

"Zote ziko sawa," akasema. "Mgongo wako ni mzima. Paja ndilo umelichana mwenyewe."

Nilikatazwa kuinama kwa miezi kadhaa. Mpaka leo, nikikalia ubao mgumu, upande wa kushoto hunisuta.

Mwanangu, wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilikuwa mbaazi wa kinyume: nilikosa maua nikajisingizia mwenyewe, wala sikufikiri kuutazama udongo. Wengi wetu wenye wasiwasi tuko hivyo. Kwa hiyo ukiinama, legeza magoti, mgongo urefuke, na nyonga ndizo zikunje. Kisigino kisipofika chini, kiache, hakuna anayekidai. Uzito ugawe kwenye vidole na viganja, usiuache kwenye vifundo vya mikono. Ukiona kombo, chunguza kwanza pale uliposimama kabla ya kujihukumu. Na maumivu yatamke siku ileile yanapoanza, kwa mtu mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Hofu ikikaa peke yake chumbani hujifanya daktari.

Mungu akujalie viungo visivyokataa kukunjwa, jirani asiyeogopa kukugombeza, na usingizi wa mtu aliyeshaacha kujipima. Amina, mwanangu. Uinuke salama.