Nakala Safi ya Shizuyo

Naibu mkuu wa shule alisema angepiga simu saa moja jioni, kikao cha uchunguzi kikiisha. Saa tatu ilipita, Shizuyo bado amekaa jikoni, simu ameilaza mbele yake juu ya kitambaa kikavu kana kwamba ni yai. Supu ilikuwa imepoa mara mbili, akaipasha mara mbili. Nje theluji iliporomoka kutoka paani kwa kishindo, na kila kishindo kilimwinua kitini.

Juu, chumbani kwake, binti yake Chinatsu hakusikika hata kukohoa. Siku arobaini na moja mlango ule ulikuwa umefungwa kwa ndani. Chakula kiliachwa sakafuni, sahani zikarudi nusu. Mara moja tu, wiki ya tatu, msichana alisema kutoka nyuma ya mlango: "Wakikubali kwamba ni mwalimu aliyeandika, nitatoka. Wasipokubali, Mama, usiniite tena."

Basi Shizuyo alikuwa akingoja neno moja tu: aliandika, au hakuandika.

Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda cha kusaga samaki. Alichotoka nacho shuleni ni mwandiko. Kwenye duka kubwa anakokaanga katlesi za viazi, kadi zote za bei za upande wa vyakula ni mkono wake, na wateja humsifu. Hata barua fupi ya kuomba ruhusa huiandika kwanza ovyo, kisha huinakili safi, na ile ya kwanza huichana vipande vidogo. Kumpa mtu karatasi yenye makosa, kwake yeye, ni sawa na kumfungulia mgeni mlango ukiwa na nguo za kulalia.

Ndiyo maana daftari la Chinatsu la mpira lilimpendeza yeye kuliko lilivyompendeza binti mwenyewe. Chinatsu alipoingia timu ya mpira wa wavu, kocha wao, Mwalimu Onuki, aliagiza kila msichana anunue daftari la visahani. Karatasi zake hazikushonwa wala kupigwa pini. Ukingoni zina vitundu vyenye umbo la uyoga, na safu ya visahani vidogo huzishika. Ukivuta karatasi inatoka bila kuchanika, ukiibonyeza mahali pengine inakaa kama ilizaliwa hapo. Kila jioni mchezaji aliandika makosa yake ya siku, akachomoa karatasi, akaiacha mezani kwa mwalimu. Asubuhi ilirudi ikiwa na wino mwekundu.

Shizuyo alinunua visahani kumi na kimoja, vikubwa kuliko vyote, vya kubeba karatasi mia. Alinunua na vigawanyio vya rangi. Siku zake za mapumziko alikaa sakafuni akipanga: kuanzisha mpira huku, kuzuia kule, mechi nyuma.

"Mama, umejiunga na timu?" Chinatsu alimtania.

"Nikijiunga mimi mtashinda."

Ni katika kupanga huko, mwanzoni mwa baridi, alipoiona karatasi moja iliyofichwa nyuma ya kigawanyio cha mwisho. Wino mwekundu ulikuwa umejaa ukurasa. *Wewe ni kero kwa wenzako. Mama yako angejua atazaa nini, asingezaa.*

Alisoma mara tatu. Halafu akafanya alichofanya siku zote. Alitoa karatasi nzuri, kalamu nzuri na kamusi, akainakili. Neno "kero", ambalo kwa Kijapani huandikwa kwa herufi za vijistari vingi, mwalimu alikuwa amelikosea, amesahau kijistari kimoja. Shizuyo alilitazama akamwonea mwalimu aibu. Akaandika herufi sahihi, akairudisha karatasi ya mwalimu mahali alipoikuta, na kesho yake akapeleka nakala shuleni ndani ya bahasha.

Tsukuda, mwenzake wa kwenye karai la mafuta, alipiga makofi kwa kusikia hayo.

"Shoga, una simu mfukoni! Kwa nini hukupiga picha?"

"Maandishi ya mwalimu? Bila ruhusa? Ni kama kumpiga mtu picha akioga."

"Basi ungebeba ile karatasi yenyewe!"

"Si yangu. Ni ya mtoto."

"Haya. Adabu yako utaikaanga uile," Tsukuda alisema, akageuza katlesi.

Siku ya nne baada ya bahasha ile, likaja tangazo: madaftari yote ya timu yakusanywe, mwalimu anataka yapangwe upya. Chinatsu alilikumbatia lake.

"Usilipeleke, Mama. Nakuomba."

"Mwalimu akiagiza, mtu anapeleka. Tukificha watasema sisi ndio wenye makosa."

"Mama, atazitoa karatasi zile!"

"Atazitoaje na mimi nimezipanga?"

Alilifunga kwa kitambaa cha maua, akalipeleka mwenyewe, akainama mbele ya meza ya walimu. Lilirudi wiki iliyofuata katika kitambaa kile kile, kimekunjwa vizuri. Ndani ya visahani vya karatasi mia zilibaki karatasi ishirini na tatu, zinacheza kama meno ya kizee, na wino mwekundu uliobaki ulisema tu *Ongeza bidii*. Hapakuwa na mchaniko hata mmoja. Jioni hiyo Chinatsu alilipokea daftari, akapanda ngazi, na mlango ukafungwa.

Usiku huu wa kikao simu haikulia. Ililia kengele ya mlango.

Shizuyo alifungua akamkuta Bwana Hatori, naibu mkuu, theluji mabegani, na mikononi boksi limefungwa karatasi ya duka la keki, lile duka ghali la karibu na stesheni. Mtu haji usiku na boksi kama lile ila anakuja kuomba radhi. *Wamekubali*, alijiambia, na alitaka kupiga kelele ngazini kabla mgeni hajavua viatu.

Lakini mgeni hakuvua viatu. Alisimama pale pale pa kuvulia viatu, akainama. Shizuyo, ambaye ameinamia watu maisha yake yote, aliona kwamba mgongo ule haukushuka vya kutosha.

"Mama Chinatsu, pole sana kwa wasiwasi wote. Kikao kimechunguza kwa makini. Hatukupata ushahidi."

"Nakala niliwapa."

"Ndiyo." Alitoa bahasha kifuani. "Lakini hii ni mwandiko wako, Mama."

"Nilinakili. Maneno ni yake."

"Tulimwonyesha. Anasema hakuandika. Na daftari la namna hii, unajua mwenyewe, karatasi huingia na kutoka. Hakuna awezaye kusema nini kilikuwamo."

"Tazameni visahani! Ni vya karatasi mia!"

"Labda ulinunua vikubwa mno." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemvisha mtoto soksi. "Tena kuna jambo dogo. Mwalimu Onuki ana neno moja ambalo hulikosea miaka yote, sisi walimu humcheka. Herufi ya 'kero'. Hapa imeandikwa sawasawa. Mjumbe mmoja akasema, hii basi haiwezi kuwa ya Onuki."

Shizuyo aliipokea bahasha.

"Nilimsahihishia," alisema.

"Naam?"

"Alikosea. Nikamsahihishia."

Bwana Hatori alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. "Hayo hayataweza kuingia kwenye ripoti. Na kama Chinatsu angependa kuhamia shule nyingine, tutasaidia na fomu." Alilisukuma boksi mikononi mwake. "Ni keki za maharage. Zisikae zaidi ya kesho."

Baada ya mlango wa nje kufungwa, Shizuyo alisimama na boksi mkono huu na bahasha mkono ule. Aliitoa karatasi. *Mama yako angejua atazaa nini, asingezaa.* Kwa mkono wake, mistari imenyooka, kila herufi kamili. Mtu asiyejua angesema ni mama aliyeandika.

Alipanda ngazi. Alipiga magoti mbele ya mlango wa binti yake, akaweka boksi chini, akajifuta uso kwa aproni mpaka sauti yake ikakaa sawa.

"Chinatsu. Wamekuja. Wameleta na keki." Akaikunja bahasha ndani ya aproni. "Wamekubali, mwanangu. Wamesema ni yeye."

Ndani, sakafu ililia. Hatua moja, ya pili. Kitasa kilisogea, na Shizuyo akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Kitasa kikasimama.

"Dirisha langu liko juu ya mlango wa nje, Mama," Chinatsu alisema. Sauti ilikuwa karibu sana, ubao tu katikati. "Nimesikia yote."

"Mwanangu..."

"Hata hilo umelinakili safi."

Kitasa kilirudi mahali pake. Kisha kitu kidogo kikaanguka sakafuni ndani ya chumba, kikabingirika, kikalala. Kikafuata kingine. Shizuyo alijua sauti ile ya visahani vya daftari, alivichagua mwenyewe dukani. Alivihesabu vyote kumi na kimoja, akiwa magotini, boksi la keki ubavuni, na mlango haukufunguka.