Dawa Iliyomponya Jirani

Mume wangu alikuwa utingo wa lori. Alivunjika mguu Tunduma, kwenye foleni ya kuvukia Zambia. Alishuka kuweka jiwe nyuma ya tairi, lori likarudi nyuma na kumbana. Mfupa ulitokeza nje. Hospitalini wakampasua, wakamwekea vyuma, na daktari akaniambia tungerudi nyumbani Mbozi kabla kahawa haijaiva.

Kahawa ikaiva, shemeji zangu wakaichuma, sisi bado tuko wodini. Kidonda kilitoa usaha wenye harufu iliyowafanya wageni wa wagonjwa wengine wageuze nyuso. Alichomwa sindano asubuhi na jioni. Homa inashuka kidogo, kisha inapanda. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamponyoka, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mchimbaji dhahabu wa Mkwajuni, aliyeangukiwa na udongo shimoni. Naye kidonda kilikuwa kimeoza. Usaha wa wote wawili ukapelekwa maabara Mbeya. Majibu yaliporudi, mchimbaji akabadilishiwa dawa, na haikupita wiki akawa anakaa kitandani na kudai ugali. Mume wangu aliendelea na sindano zile zile. Nikaona wamembagua.

Nikamfuata daktari kwenye korido, nikamshika koti.

"Daktari, si ulisema wote wawili wana bakteria wa jina moja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na wangu mpe dawa ile ile. Kwani yeye si mtu?"

Hakuutoa mkono wangu. Alinikalisha kwenye benchi, naye akakaa.

"Jina ni moja, lakini vinasaba vya bakteria hao vinatofautiana. Wa jirani yako wanakufa kwa ile dawa. Wa mume wako waliwekewa hiyo hiyo kule maabara, na nyingine zote tulizo nazo, wakaendelea kuzaliana. Humu hospitalini wako wa aina nyingi, na wanapeana mbinu za kushinda dawa. Hawa wake wamekusanya karibu mbinu zote."

"Aliwapata wapi?"

Alitazama sakafu. "Pengine humu humu."

Mimi ndiye niliyemsindikiza pale, nikamshukuru Mungu tulipopata kitanda.

Siku chache baadaye wakasema sumu inaingia kwenye damu. Wakate mguu, au wamwache afe. Mume wangu aligeukia ukutani.

"Utingo wa mguu mmoja, nani atampa lori?"

"Sitaki lori, baba. Nakutaka wewe."

"Waniache nife mzima."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ile, mbele ya wodi nzima, nikamsihi kama mtoto. Mchimbaji alijifunika shuka usoni. Mwishowe mume wangu akanyoosha kidole gumba, nikakipaka wino, akaweka alama ya kukubali.

Walikata juu ya goti. Homa ikaondoka. Aliishi, lakini siku zile hakunisemesha, na chakula alikila kwa sababu nilikishikilia mdomoni kwake.

Tuliporuhusiwa, kitanda cha mchimbaji kilikuwa na mgonjwa mpya, dereva wa bodaboda aliyewekewa vyuma, bandeji yake nyeupe kabisa. Mama yake alikuwa anatandika shuka.

"Dada, wodi hii ni nzuri?" aliniuliza, akitabasamu.

Nikamwambia anawe mikono kila anapomgusa mwanawe, nikampa kipande cha sabuni kilichobaki, nikakisukuma kiti cha magurudumu cha mume wangu kuelekea mlangoni.