Mzigo wa Simu Ulipopungua

Kwa miaka minne nilipokea mizigo ya simu za Kichina kwenye ghala moja la Minto, huku ughaibuni. Kazi yangu ilikuwa kukagua katoni na kuzipiga skana. Hakuna aliyenituma kusoma karatasi za mzigo, lakini nilizisoma, na niliyoyaona nikayaandika kwenye daftari.

Simu za bei rahisi, ambazo zamani zilijaza kontena zima, zilikuwa zinapungua. Watu walikaa na simu zao muda mrefu zaidi. Kampuni zilikuwa zilezile za Kichina, lakini katoni nyingi sasa ziliandikwa India au Vietnam. Zilizotoka China kwenyewe zilikuwa chache na ghali, zile za kukunjwa, nazo zilikuja kwa ndege.

Nilimweleza msimamizi wa zamu, Mkongo wa Bukavu ambaye nilisali naye kanisa moja.

"Kaka, mzigo wa meli unaisha. Wakubwa wasipotafuta bidhaa nyingine, tutakosa kazi."

"Wewe piga skana tu, dada yangu," alisema akicheka. Lakini daftari aliliomba, eti alitazame kidogo.

Baada ya wiki mbili, kwenye mkutano, meneja alimsifu kwa ripoti yake nzuri. Yalikuwa maneno yangu, yamegeuzwa tu Kiingereza. Akapandishwa cheo. Shifti zilipopunguzwa, yeye ndiye aliyeandika orodha ya wanaoondoka, na jina la kwanza lilikuwa langu.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Penrith sikulia. Nilimwombea mabaya, kituo hadi kituo, na mpaka leo sijatubu.

Nilipata kazi Villawood, kwenye karakana inayokarabati simu za zamani. Kwa kuwa watu hawanunui mpya, sisi kazi ilituzidi. Ndani ya mwaka mmoja nikawa mkuu wa mapokezi ya mizigo. Kule Minto kitengo cha simu kilifungwa, na asubuhi moja yule bwana akaingia ofisini kwetu kuomba kazi.

"Dada! Mungu ni mwema!"

"Unamfahamu?" bosi wangu aliniuliza.

"Vizuri sana. Niachie nimfanyie usaili mimi."

Nilimwekea mezani karatasi za mzigo za miezi mitatu. "Nieleze simu za China zinaelekea wapi, na kwa nini."

Alizigeuza, akazigeuza tena. Jasho likamtoka. Nilimpa maji, nikasubiri bila haraka. Nakiri nilifurahia kila dakika.

"Dada, nisamehe," alisema mwishowe. "Nina watoto."

"Nami nilikuwa nao siku ile."

Nilimwambia bosi kwamba mtu huyu hajui kazi. Ulikuwa ukweli mtupu, ndiyo maana ulikuwa mtamu.

Jumapili iliyofuata mke wa yule Mkongo alikataa kunipa mkono mlangoni mwa kanisa. Nilipita, nikakaa mstari wa mbele na kuimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.