Sekunde Kumi na Moja za Wavunja Masikio

Kiwandani walimwita Mama Sindano, na jina hilo hakulipata kwa ushonaji. Kwa miaka ishirini na nane kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani, hedifoni masikioni, akikagua santuri zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado vuguvugu. Katika kila hamsini alichukua moja. Akashusha sindano mwanzoni, akahesabu mpaka kumi, akainyanyua. Akaishusha katikati. Akaishusha karibu na mwisho. Basi, imetoka hiyo.

Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba mwanamke aliyepitisha maelfu ya nyimbo hakuwahi kusikia hata mmoja mzima. Alizijua kama bawabu anavyowajua wageni: anawaona wakiingia na wakitoka, ya ndani hayamhusu. Nyumbani hakutaka muziki kabisa. Redio ilikuwa ya habari na mazungumzo. Zamu ya nyimbo ikifika, anaizima. "Masikio yangu yako likizo," aliwaambia wanawe.

Na masikio yenyewe acha kabisa! Mkwaruzo ambao mafundi wa mashine waliutafuta kwa kioo cha kukuzia, yeye aliusikia akiwa anapiga miayo. Akichora msalaba mwekundu kwenye lebo, toleo zima linarudi kusagwa, na hakuna wa kumbishia. Hakuwa na cheo wala gari, alikuwa na masikio, na aliyaringia bila haya.

Sasa Wavunja Masikio. Hilo si jina lao, walibandikwa na wafungaji wa maboksi, maana walikuwa bendi ya roki, vijana wenye nywele za kutisha na magitaa yanayolia kama bati linaloburutwa barabarani. Albamu yao ilikuwa imeshatoka kiwandani ilipofuata singo moja, wimbo ambao kwenye albamu haumo. Santuri mia tano.

Mama Sindano akashusha sindano mwanzoni: kelele, sawa. Katikati: kelele, sawa. Karibu na mwisho: kelele kidogo, halafu kimya. Kanuni ilisema sauti ikipotea kwa sekunde tano, toleo ni bovu. Yeye aliwapa saba, kwa huruma tu, kisha akainyanyua sindano. Akajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi, na kimya kilikuwa palepale. Akaandika kwenye fomu, "Sauti hakuna," akachora msalaba. Jioni ile zikasagwa zote isipokuwa moja, iliyowekwa pamoja na fomu kwenye droo yake kama ushahidi, kwa utaratibu wa kazi. Kiwanda kilipokuja kufungwa alibeba vilivyokuwamo kwenye droo akaenda navyo nyumbani, wala hakuvitazama tena.

Ilipita miaka thelathini na moja. Asubuhi moja alikuwa akipiga pasi, redioni anahojiwa mpiga dramu mmoja mstaafu. Mtangazaji akamuuliza kama kweli bendi yao iliwahi kuwa na singo isiyokuwamo kwenye albamu, au ni uzushi wa mashabiki.

"Ilikuwepo," mzee akajibu. "Mpiga besi wetu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Wimbo ule, kila tukiupiga jukwaani, karibu na mwisho sisi wengine tunanyamaza, yeye anapiga peke yake. Sekunde kumi na moja. Akaugua, akafariki wiki tatu kabla hatujarekodi. Tukakubaliana nafasi yake asiijaze mtu. Tukaiacha tupu, nikaihesabu moyoni, ndipo tukaendelea. Tukaambiwa santuri zimeharibika kiwandani. Mwenye studio naye kanda akaifuta, akarekodia tangazo la sabuni. Siku hizi hata mimi najiuliza kama tuliota."

Pasi ikaunguza kola ya shati, na Mama Sindano hakusikia hata harufu. Wimbo wa marehemu, na aliyeusaga ni yeye, kwa masikio yaleyale aliyoringia maisha yake yote.

"Lakini mama, nani anajua?" binti yake alimwambia. "Ukae kimya tu."

"Kimya ndicho kilichoniponza," alijibu, na kesho yake akaenda kituo cha redio kuomba aelekezwe kwa mzee yule.

Mpiga dramu sasa alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilijaa majokofu yaliyofunguliwa matumbo, na juu ya mojawapo palikuwa na mashine ya zamani ya kupigia santuri. Mama Sindano hakukubali kukaa. Alifungua taulo alilofungia ile santuri, akamkabidhi pamoja na fomu yake.

"Kaka, santuri zenu hazikuharibika," alisema. "Niliziharibu mimi. Nilisikia kimya, nikahesabu saba, nikadhani ni kasoro."

Mzee akausoma msalaba mwekundu. Akaisoma fomu. Mama Sindano akajiandaa kutukanwa.

"Sauti hakuna," mzee akarudia, mara akaangua kicheko mpaka akakohoa na machozi yakamtoka. "Mdogo wangu huyo! Maisha yake yote alikuwa anaambiwa apunguze sauti!"

Akaipangusa santuri kwa upindo wa shati, akaiweka, akashusha sindano mwanzoni.

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Sindano alisikiliza wimbo bila kuukata. Alikaa juu ya kreti, mdomo wazi. Kelele aliyoipitisha kwa sekunde kumi haikuwa kelele. Ilikuwa na pa kwenda. Magitaa yalipanda, dramu zikayasukuma, yakapanda tena, naye akaogopa, akafurahi, akataka kujua yanaishia wapi. Kumbe kila siku alikuwa ameshika mambo makubwa kiasi hiki, akiyapanga kwenye boksi!

Kimya kikaingia.

Moja, mbili, tatu. Mpiga dramu alikuwa akigonga hesabu kwa kidole kwenye mlango wa friji. Ilipofika saba, mkono wa Mama Sindano uliinuka wenyewe kuifuata sindano.

"Ngoja, dada," mzee akasema, akaushika mkono ule, akaendelea kuhesabu.

Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Wakarudi wote kwa mpigo mmoja, kwa nguvu ambayo iliitikisa milango ya friji, na mwili wote wa Mama Sindano ukasisimka. Alilia waziwazi mpaka wimbo ukaisha na sindano ikabaki ikikwaruza peke yake.

"Kumbe mlirudi," alisema.

"Tulirudi," mzee akajibu, mkono wake akiwa bado ameushika. "Zilibaki sekunde nne tu, dada."